Miti Iliyomzibia Kapteni Jangwa

Juzi asubuhi ukungu ulishuka hapa Kibra, Nairobi, ule mzito wa mwezi wa saba, ukafunika mabati yote mpaka kule chini Silanga. Binti wa jirani anayeniletea maziwa alisimama mlangoni akijipuliza vidole. "Shosho, cheki vile kumefunga," akasema. "Hata Highrise haionekani." Nikatoka nje nikaangalia. Kweli, yale maghorofa ya Nyayo Highrise ambayo miaka yote hii yanatuchungulia kutoka juu yalikuwa yamefutika kabisa. Kilichobaki ni weupe tu, baridi kwenye kope, na harufu ya udongo uliolowa. Binti akaenda zake kwa wateja wengine. Mimi nilibaki pale na jagi mkononi, na moyo wangu ulikuwa umeshafika Marsabit, juu ya mlima, nina miaka tisa.

Kaa basi nikusimulie. Watu wakija kwetu na kamera huwa wanataka niwaambie habari za vyoo na mitaro. Wananikalisha kwenye kiti, wananiangalia kwa huruma, wananiuliza maisha ni magumu kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za msitu. Wewe nitakuambia bila kuulizwa.

Sisi ni Wanubi. Babu yangu aliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, alipomaliza utumishi akaonyeshwa mahali hapa akaambiwa kaa. Baba yangu akazaliwa hapa, akakua, akaingia jeshini kama baba yake. Mama yangu alifariki nikiwa bado wa kubebwa, kwa hiyo aliyenilea ni haboba, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinubi, mama yake baba. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa kwa nyundo. Nyuma palikuwa na mahindi na mchicha, na ukivuka mahindi unaingia vichakani, na ukivuka vichaka unakutana na miti mikubwa ambayo watoto watatu tulishikana mikono tusiweze kuizunguka. Bwawa lililopo sasa lilikuwa halijachimbwa. Pale chini palipita kijito chembamba, maji yake unayaona mpaka mchangani, na ndipo tulipofulia. Asubuhi niliamshwa na harufu ya gurusa, chapati zetu nyembamba za maji, haboba akizimwaga kwenye kikaango cha chuma na kuzitandaza kwa kiganja kana kwamba moto haumhusu.

Vita vya pili vilipokwisha baba alikuwa sajini, na kikosi chake kikapelekwa Marsabit. Askari wenye vyeo waliruhusiwa kwenda na familia. Jirani yetu, mwanamke wa kusali sana na wa kuogopa sana, alikuja kumshauri haboba abaki. Alisema huko ni jangwa tupu, hata shetani akienda hubeba maji yake. Haboba alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshukuru, kisha akafunga kikaango chake ndani ya mkeka.

Safari ilituchukua siku nyingi kwenye lori la jeshi. Tulipoiacha Isiolo ardhi ikawa nyekundu, halafu ya kijivu, halafu ikawa mawe meusi matupu yanayotoa joto kama jiko. Maji ya kunywa yalikuwa na ladha ya petroli. Midomo yangu ilipasuka nikawa siwezi kucheka, na nilianza kuamini kwamba yule jirani alikuwa anajua anachosema. Kisha siku ya mwisho, kama saa tisa mchana, baba alinyanyua turubai akanionyesha mbele. Katikati ya ule ukavu wote palikuwa na mlima, na juu ya mlima wingu, na chini ya wingu kitu cheusi. Nilidhani ni kivuli cha wingu. Lori likapanda, upepo ukapoa, na kile kivuli kikawa miti.

Sijui nikueleze vipi ukaelewa. Unatoka kwenye mawe ambayo hata mjusi anatembea kwa kurukaruka, na baada ya muda wa kuchemsha maharagwe uko chini ya miti ambayo mashina yake ni meusi kwa unyevu, na kwenye kila tawi zinaning'inia ndevu za kijani-kijivu, laini, ndefu kuliko mkono wangu. Vipepeo walitua kwenye turubai la lori. Ndege ambao sijawahi kuwaona waliitana juu huko kwa sauti nzito za kukoroma. Ndani kabisa ya msitu, tuliambiwa, kulikuwa na ziwa lililolala kwenye shimo la mlima, na baadaye nililiona kwa macho yangu: tembo wameshuka kunywa, pembe zao zimekaribia kugusa ardhi, na hakuna anayewaharakisha. Ukifika ukingoni mwa msitu na kutazama chini, unaliona jangwa limetandazwa pande zote mpaka macho yanachoka.

Maisha ya kambini yalikuwa ya kazi. Nilichota maji, nilifagia, niliokota kuni. Kila siku alikuja mwanamke mmoja wa Kiborana kuuza maziwa ya ngamia. Aliyabeba kwenye chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi, na mpaka leo nikinusa moshi wa mti nayakumbuka maziwa yale. Haboba alimpa gurusa, yeye akampa maziwa, na wakakaa kwenye mkeka wakizungumza Kiswahili cha kambi, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Ndiye aliyetupeleka kuona visima vya kwao, bondeni chini ya msitu. Wanaume walijipanga ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo za ngozi huku wakiimba, na ng'ombe waliotembea siku tatu jangwani walisubiri wimbo wa wenyewe ndipo wasogee.

Mbele ya ofisi ya kambi palikuwa na ubao. Koplo mmoja aliyewafundisha watoto wa askari kusoma hakuwa na vitabu, kwa hiyo alitupeleka kwenye ubao ule. Uliandikwa: MSITU HUU UNALINDWA. NI MARUFUKU KUKATA MTI MBICHI. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasoma maishani mwangu bila kusaidiwa, na nilikwenda nikiyasoma kwa sauti njia nzima mpaka haboba akaniambia ameshasikia. Amri hiyo haikuwa ya mchezo. Dada yake yule muuza maziwa alikamatwa na tawi moja bichi la kulishia mbuzi wake, akabebeshwa mawe ya barabara wiki mbili.

Sasa, asubuhi moja nilikwenda kuokota kuni zilizokufa. Nilikuwa na debe tupu, nikaliacha chini ya mti mmoja mkubwa juu ya kambi ili mikono iwe huru. Niliporudi lilikuwa na maji, kiasi cha vikombe viwili. Nikalibeba hivyohivyo. Haboba alipoyaona alikasirika, akadhani nimeacha kuni nikaenda kisimani kucheza, maana siku hiyo hakukuwa na mvua, vumbi la kambi lilikuwa kavu kabisa. Niliapa mpaka nikalia. Mwishowe alinishika mkono tukapanda pamoja. Tukasimama chini ya ule mti. Ukungu ulikuwa umeshikwa na zile ndevu, unageuka matone, na matone yanaanguka kila mahali, taratibu, bila kukoma. Chini ya miti ardhi ilikuwa tope. Hatua kumi nje ya kivuli, vumbi. Haboba alinyoosha kiganja akakiacha mpaka kikajaa, akanywa. Hakuniomba msamaha lakini alinifuta machozi.

Kesho yake alimuuliza yule muuza maziwa. Mwanamke yule alicheka kwamba tumechelewa kujua. Alisema mvua kwao inaweza kukosa miaka miwili, lakini miti haikosi ukungu, na kinachoanguka pale juu ndicho kinachotoka kisimani kule chini. Alitutajia makabila yanayokuja kunywa, na umbali yanakotoka. Miti hii ikiondoka, alisema, hakutakuwa na sababu ya mtu yeyote kuishi hapa.

Tulikuwa tumekaa karibu mwaka alipoletwa kapteni mpya. Alijengewa nyumba juu kidogo ya kambi, yenye kibaraza kipana, naye hakuipenda kwa sababu moja tu. Kati ya kibaraza chake na ukingo wa mlima palikuwa na miti. Alitaka akikaa kunywa chai ya jioni aone jangwa. Akaagiza ikatwe yote, kuanzia pale nyumbani mpaka ukingoni, na mti wa debe langu ulikuwa humo. Baba ndiye aliyepewa chokaa akaitie alama.

Sikuwahi kumwona baba akikataa kitu. Alikuwa mtu mkimya, buti zake zinang'aa mpaka ukiinama unaona uso wako, na zile nyota zake tatu za mkononi, sisi tuliziita nyota ingawa ni mistari, haboba alizipigia pasi kwa kitambaa chenye maji zisiungue. Jioni ile alirudi na chokaa kwenye vidole, akanawa, akala.

Asubuhi tukasikia mashoka. Haboba aliweka kikaango chini na kumuuliza baba kama ile sauti ni ya mti mbichi. Baba akajibu ni amri. Haboba hakubishana naye. Alikunja mkeka, akachukua nyuzi zake za kusukia vifuniko vya chakula, akajifunga gurbaba yake vizuri kiunoni, lile vazi la wanawake wa kwetu, akaniambia nimfuate. Tulipofika miti miwili ilikuwa imeshalala. Sijasahau jinsi jua lilivyokuwa limeingia pale, jeupe, mahali ambapo halikuwa limewahi kuingia. Haboba akatandika mkeka chini ya mti wa tatu, ule mkubwa kuliko yote, akakaa, akaegemea shina, akaanza kusuka. Askari wa mashoka walikuwa vijana wa rika la wajukuu zake. Walimsihi kwa heshima aondoke. Aliwaambia waendelee na kazi yao, naye anaendelea na yake.

Hazikupita dakika nyingi yule muuza maziwa akatokea na dada yake aliyebebeshwa mawe. Walikuwa wamesikia mashoka kutoka bondeni. Wakakaa. Wakaja wake wa askari wengine, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na mahindi yake ya kupukuchua. Kufikia saa tatu wanawake walikuwa kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili.

Kapteni akamtuma baba.

Alikuja peke yake, amevaa kila kitu, kofia, mkanda, nyota zake. Alisimama mbele ya mkeka kama anavyosimama mbele ya mkubwa wake. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa haboba, goti langu likigusa lake.

"Mama," akasema, "nimeagizwa nikuondoe hapa."

Haboba aliweka nyuzi chini akamnyooshea mkono, tayari kushikwa. "Nimesikia. Niondoe."

Baba hakuusogelea ule mkono. Matone yalikuwa yakianguka kwenye kofia yake, tunayasikia. Alitazama juu kwenye matawi, akatazama ile miti miwili iliyolala, akamtazama yule dada wa muuza maziwa, ambaye baba mwenyewe, kwa amri, ndiye aliyemkamata. Kisha akanigeukia mimi.

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Mletee haboba wako chai. Weka sukari."

Akageuka akarudi kwa kapteni. Koplo, yule mwalimu wetu, alikuwepo ofisini, ndiye aliyetusimulia. Alisema baba alipiga saluti kama kawaida, akasema: "Afande, yule mama amekataa. Na mimi nimekataa."

Nyota zake zilikatwa siku hiyohiyo mbele ya kikosi kizima, kwa kisu, nasi tukiona kutoka chini ya mti. Haboba hakuacha kusuka, ila aliharibu safu nzima ya nyuzi na baadaye ilimbidi aifumue. Askari wengine walipoagizwa kutuondoa, walikuja mpaka katikati ya njia wakasimama. Kila mmoja alikuwa na mke au shangazi kwenye ule mkeka. Tukakaa siku tatu. Tulikwenda nyumbani kwa zamu kupika na kusali, tukarudi. Ukungu ulitulowesha mpaka nguo za ndani. Nilikuwa na homa nikaficha, nisije nikarudishwa kitandani.

Siku ya tatu likapita gari la mkubwa wa wilaya akitoka ziara. Akaona kundi la wanawake chini ya mti, akasimama kuuliza. Kapteni alimpa maelezo yake kwa Kiingereza, akionyesha huku na huku. Yule mkubwa akawageukia wanawake, akauliza kwa Kiswahili wanataka nini. Haboba alinigusa bega akasema, "Msomee."

Sikuwa na haja ya kwenda kwenye ubao. Nilisimama na homa yangu, nikasema maneno yote kama yalivyoandikwa: msitu huu unalindwa, ni marufuku kukata mti mbichi. Kisha yule dada wa muuza maziwa akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye alibeba mawe kwa tawi moja. Sahihi iliyokuwa chini ya ule ubao ilikuwa ya mkubwa yule. Akamwambia kapteni maneno machache, mashoka yakarudishwa stoo, na miti ikabaki. Usidhani alifanya hivyo kwa kutupenda. Aliona aibu, na aibu ilitutosha.

Lakini nyota za baba hazikurudi. Aliachishwa jeshi miezi michache baadaye, na kwenye karatasi yake waliandika kwamba hana nidhamu. Wewe huenda huoni uzito wake. Kibra siku zile ilikuwa ya askari waliomaliza vizuri. Bila karatasi safi hakuna kibali, na bila kibali huna ruhusa ya kulala hapa hata kama ndipo ulipozaliwa. Lori lilitushusha, haboba akafungua mlango wa nyumba aliyoachiwa na mumewe, na wiki haikuisha bwana wa vibali akafika na daftari. Akamnyooshea baba kalamu, akauliza huyu ni nani na kibali chake kiko wapi.

"Huyu ni mwanangu," haboba akamjibu. "Nilimzaa kwenye chumba hicho, ofisi yako haijajengwa. Andika hivyo."

Alirudi mara nyingi, na baada yake wakaja wengine. Waliandika onyo, wakaandika onyo la mwisho, kisha onyo jingine la mwisho. Baba aliishi Kibra bila kibali mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipata kibarua kwa mwenye shamba mmoja Mkikuyu kule Kawangware. Alikwenda kwa miguu alfajiri, akasukuma toroli la samadi mchana kutwa, akarudi jioni, na buti zake bado aling'arisha. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza siku moja kama anajuta. Alisema anachojuta ni ile miti miwili, kwa sababu alama za chokaa alizitia yeye, na jioni ile alikuwa ameshajua kwamba ni kosa.

Yeye hayupo sasa, haboba hayupo. Miti yetu ya huku, ile ya kushikana mikono watatu, iliondoka mmoja mmoja, ikawa nguzo, ikawa makaa, ikawa nafasi ya chumba cha kupanga. Siwalaumu waliokuja. Nao walifukuzwa kwao na watu wenye daftari. Kile kijito chetu sitaki hata kukuonyesha kilivyo, na bwawa walilokuja kulichimba baadaye limejaa magugu. Kuhusu Marsabit, nasikia msitu bado upo, ila umeliwa pembeni, na visima vingine vimekauka. Yule muuza maziwa alitueleza mapema kabisa, tena kwa Kiswahili kibovu, na bado kuna wasomi wanaohitaji mkutano kuelewa.

Majuzi nilikwenda kubadilisha kitambulisho. Kijana wa kaunta aliandika mahali nilipozaliwa, akanigeuzia nisome. Kibera. Nikamwambia afute, aandike Kibra. Akasema mama, herufi moja tu, kompyuta ndivyo ilivyo, na watu wako kwenye foleni. Nikamwambia kwa lugha yetu Kibra maana yake ni msitu, na hilo aliloandika yeye halina maana yoyote katika lugha ya mtu yeyote. Watu wa kwenye foleni walianza kunung'unika, halafu mzee mmoja nyuma akasema mwandikie mama anavyotaka. Kijana akaandika.

Najua msitu wenyewe haupo. Nimebaki na jina lake, na hilo watu wenye daftari siwapi.